Picha zimeshapigwa, mbona hatuonyeshwi?

Ilikuwa kipindi cha mwisho, wanafunzi wa kidato cha tatu wamejikunyata ndani ya masweta yao kama ilivyo Mbeya kila Julai. Nilikuwa nimewafungulia kwenye kompyuta picha ya kundi la galaksi (mikusanyiko mikubwa ya nyota) liitwalo Perseus, iliyopigwa na darubini ya angani ya Euclid na kutolewa kwa umma Novemba 2023. Kundi lenyewe lina galaksi zipatazo 1,000 na liko umbali wa miaka ya nuru milioni 240. Nyuma yake zinaonekana galaksi nyingine zaidi ya 100,000, zilizo mbali kuliko hizo. Nikaikuza kona moja ya picha. Alama iliyokuwa kama punje ya vumbi ikaanza kupata umbo: kiini cha njano, kisha mikono miwili iliyojikunja kukizunguka. Binti mmoja aliyekaa karibu akapitisha kidole juu ya kioo kuifuta, akidhani ni uchafu. Haikufutika. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza.

"Mwalimu, hii darubini iko juu tangu 2023 na inapiga picha kila siku. Mbona ulisema tusubiri hadi Oktoba 2026 ndipo data yake ya kwanza kubwa itolewe? Picha si zimeshapigwa?"

Nilimjibu nusunusu, kengele ikalia. Tangu siku hiyo swali lake halijanitoka, kwa sababu ni swali la haki, na watu wazima wengi wanaofuatilia habari za anga huliuliza pia, mara nyingi kwa manung'uniko: kuna kitu wanachotuficha? Nadhani jibu kamili ni zuri kuliko watu wanavyotarajia, na ndilo ninalojaribu kuliandika hapa.

Kwanza chombo chenyewe. Euclid ilirushwa 1 Julai 2023 kutoka Cape Canaveral, Florida, kwa roketi ya Falcon 9. Ni mali ya Shirika la Anga la Ulaya, ESA, na imepewa jina la Mgiriki wa kale aliyeweka misingi ya jiometri, yule yule ambaye wanafunzi wangu wanapita mikononi mwake kila wanapochora pembetatu. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, kama mara nne ya umbali wa Mwezi, kwenye nukta iitwayo L2, ambako mvutano wa Jua na wa Dunia kwa pamoja hukiwezesha chombo kulizunguka Jua kikiandamana na Dunia bila kuachwa nyuma. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 1.2. Zipo darubini zenye vioo vikubwa mara kadhaa kuliko hicho. Uwezo wa Euclid ni kuona eneo pana kwa mara moja, tena kwa ukali ambao hewa ya Dunia haiuruhusu. Ina kamera ya mwanga wa kawaida yenye pikseli karibu milioni 600, na kifaa cha pili kinachopokea mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Upimaji rasmi wa anga ulianza 14 Februari 2024 na umepangiwa miaka sita, hadi zifunikwe digrii za mraba 14,000, yaani theluthi moja ya anga lote. Mwisho wa kazi inatarajiwa kuwa imekusanya maumbo ya galaksi kama bilioni 1.5, nyingine zikiwa mbali kiasi kwamba mwanga wake umesafiri miaka bilioni 10 kutufikia.

Haya yote kwa ajili ya nini? Wengi wetu wa Nyanda za Juu Kusini tumewahi kwenda Mbozi kukishika kimondo. Kinakadiriwa kuwa na tani 16, karibu chote ni chuma, na hata mchana wa jua kali kuna sehemu zake za kivulini zenye ubaridi unaoingia kiganjani. Mtu akikigusa huamini kwamba ameshagusa anga. Na ni kweli ameligusa, ila upande wake mdogo kabisa. Chuma kile, mlima Rungwe, bahari zote, nyota zote tunazoziona na tusizoziona, hesabu yake inafikia asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni. Asilimia kama 25 ni maada ya giza, ambayo haitoi mwanga wala haiuzuii, nasi tunaijua kwa mvutano wake peke yake. Mwanaastronomia Fritz Zwicky aliihisi mwaka 1933 alipoona galaksi za kundi moja zinakwenda kasi mno kuweza kushikana kwa uzito unaoonekana. Miaka ya 1970 Vera Rubin akaonyesha kwamba hata ndani ya galaksi moja nyota za pembezoni zinazunguka kasi kuliko zinavyostahili. Asilimia 70 zilizobaki ni kitu kigeni zaidi, nacho kimepewa jina la nishati ya giza. Jina hilo lisimdanganye mtu akadhani kimeeleweka. Ni jina la pengo.

Anayeijua barabara ya Iringa atanielewa upesi kwa mfano huu. Lori linaanza kupanda Kitonga, dereva ameondoa mguu kwenye mafuta. Kila mtu anajua kitakachotokea: mwendo utapungua, pengine litasimama. Wanaastronomia walijua tangu miaka ya 1920 kwamba ulimwengu unapanuka, na walidhani mvutano wa vitu vyote vilivyomo unaupunguza mwendo huo, kama mlima unavyolipunguza lori. Mwaka 1998 vikundi viwili vilivyokuwa vikipima nyota zinazolipuka mbali sana vikapata matokeo yale yale ya kushtua: lori linapanda mlima na mwendo unaongezeka. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011 kwa ugunduzi huo. Kinachosukuma hakijajulikana hadi leo.

Kwa muda mrefu maelezo mepesi zaidi yalikuwa kwamba msukumo huo ni tabia ya nafasi yenyewe, haubadiliki, ulikuwa hivyo jana na utakuwa hivyo kesho. Kisha ukaja mradi wa DESI, unaotumia darubini ya mita 4 iliyoko Kitt Peak, Arizona. Aprili 2024 ulitoa ishara ya kwanza, na 19 Machi 2025, ukiwa na galaksi na kwaza (viini vya galaksi ving'aavyo mno) zipatazo milioni 15, ukairudia kwa sauti kubwa zaidi: huenda msukumo unalegea. Neno "huenda" hapo lina uzito wake. Wanafizikia hupima uhakika kwa kipimo kiitwacho sigma, na desturi yao ni kutotangaza ugunduzi kabla ya kufika 5. Vipimo vya DESI vikiunganishwa na vya wengine vinafika kati ya 2.8 na 4.2, kutegemea ni nyota zipi zinazolipuka zimeingizwa kwenye hesabu. Hapo ni pakubwa kiasi cha kumnyima mtu usingizi, na padogo kiasi cha kuweza kuwa bahati mbaya ya namba. Ndiyo maana wengi wanaitupia macho Euclid. Inapima jambo lile lile kwa njia ambayo DESI haina.

Njia hiyo inahitaji maelezo ya taratibu, kwa kuwa ndiyo inayokula muda.

Umewahi kutazama nyumba za ng'ambo ya shamba wakati mabua yanachomwa? Hewa ya moto inaupinda mwanga, mabati yanaonekana kucheza. Mvutano nao hupinda mwanga. Mwanga wa galaksi ya mbali ukipita karibu na rundo la maada, ing'aayo au ya giza, hupindishwa kidogo, na galaksi ile hutufikia ikiwa imebadilika umbo. Pindo likiwa kali, galaksi ya nyuma hunyooka ikawa upinde au hata pete nzima. Euclid imeshaipata pete ya namna hiyo kuizunguka galaksi NGC 6505, umbali wa miaka ya nuru milioni 590, galaksi ambayo watu waliijua tangu karne ya 19 bila kujua inabeba nini. Lakini pete ni adimu. Kazi kubwa iko kwenye mapindo madogo yasiyoonekana kwa jicho, ambayo hubadilisha umbo la galaksi kwa kiasi cha asilimia moja hivi.

Hapo tatizo linajitokeza. Galaksi nyingi zimezaliwa na umbo la yai. Ukiiona moja imelala upande, utajuaje kama ndivyo ilivyo au imepindishwa njiani? Kwa galaksi moja huwezi kujua kamwe. Ni kama mahindi. Bua moja likiinama, pengine mizizi haikushika, pengine mbuzi kapita. Lakini ukisimama juu ya kilima ukaona shamba zima limeinamia upande mmoja, unajua upepo ulipita na unajua ulitokea wapi, ingawa upepo wenyewe hukuuona. Euclid inatafuta upepo kwa kutazama mabua bilioni na nusu. Na kwa kuwa mabua ya mbali yamepitiwa na upepo mwingi kuliko ya karibu, mtu anaweza kuchora ramani ya maada ya giza jinsi ilivyokuwa inajikusanya zama kwa zama, na kutokana na ramani hiyo kujua msukumo ule ulikuwa na nguvu gani kila zama.

Sasa rudi kwenye swali la binti yule. Kama unatafuta mwinamo wa asilimia moja, chochote kinachoweza kuinamisha umbo kwa asilimia moja ni adui yako, na maadui hao ni wengi. Kioo cha darubini, hata kiwe kizuri vipi, hutawanya nukta ya mwanga kwa namna yake, na namna hiyo hubadilika chombo kikipata joto au baridi kidogo. Mionzi mikali ya angani hupiga vihisi vya kamera na kuacha mistari ya uongo. Inaviumiza pia polepole, hadi chaji zinaposomwa baadhi hubaki nyuma na kuiachia kila galaksi mkia mfupi ambao haukuwapo. Yote haya lazima yapimwe, yaigizwe kwenye kompyuta, yaondolewe, kisha ihakikishwe kwamba kuondoa hakukuleta kosa jipya. Shangazi yangu wa Kyela huuchagua mchele mara mbili, mara ya kwanza kutoa chuya na mawe, mara ya pili kuhakikisha mkono haukutupa mchele. Hii ya pili ndiyo watu wa mjini huona ni kupoteza muda.

Kisa cha barafu nakipenda kwa kuwa kinaeleweka vizuri huku kwetu. Mtu wa Makete au Njombe anajua sakitu: unaamka Juni asubuhi, utando mweupe umelala juu ya viazi, na hakuna aliyeumwaga. Novemba 2023 wahandisi wa Euclid waliona mwanga wa nyota unaingia kidogo kuliko inavyopaswa. Mvuke mchache wa maji ulionaswa ndani ya chombo wakati kikiundwa hapa duniani ulikuwa umejitoa na kuganda juu ya vioo, utando mwembamba wa nanomita chache hadi makumi. Nywele ya mtu ina unene mara elfu kadhaa kuliko huo. Hata hivyo, kwa darubini inayopima kwa ukali kama huu, ulitosha kuharibu hesabu. Hawakutaka kukipasha moto chombo kizima, kwa kuwa vyuma vingejinyoosha na vioo vingehama mahali pake. Machi 2024 wakapasha kioo kimoja tu, kutoka nyuzijoto 147 chini ya sifuri hadi 113 chini ya sifuri. Kwa dakika 100 hivi barafu ikatoweka, na mwanga unaoingia ukaongezeka kwa asilimia 15. Bado mvuke unaweza kurudi, kwa hiyo kioo kile kinaangaliwa. Na data yoyote iliyopokelewa siku za utando lazima ijulikane kuwa ni ya siku hizo.

Barafu haikuwa peke yake. Mwanzoni kabisa kihisi cha kulenga, kile kinachoishika darubini isitikisike, kilikuwa kinapoteza nyota za kujiongozea, na picha zikawa na mistari kama kamba iliyofungwa mafundo. Ilibidi programu mpya iandikwe na kurushwa hadi huko juu. Mwanga wa Jua nao ulipenya kwenye upenyo, ikabidi pembe za kutazamia zipangwe upya.

Halafu kuna kiasi. Euclid inateremsha kama gigabaiti 100 kila siku. Anayenunua bando la gigabaiti moja na kulihesabia siku atapata picha ya uzito huo, tena ni kwa siku moja tu, na upimaji ni wa miaka sita. Muungano wa wanasayansi wanaoichakata una watu zaidi ya 2,000 kutoka taasisi kama 300, na data hugawiwa kwenye vituo tisa vya hesabu. Ziada ya hayo, kamera ya mwanga wa kawaida ya Euclid haitofautishi rangi. Bila rangi huwezi kukadiria umbali wa kila galaksi, kwa kuwa umbali husomwa kutokana na jinsi mwanga ulivyosogea kuelekea wekundu. Rangi hizo lazima zitoke kwenye darubini za ardhini, za Chile kwa anga la kusini na za Hawaii kwa la kaskazini, ambazo zina mawingu yake, ratiba zake na makosa yake. Ni jambo ambalo husahaulika: sehemu ya kungoja ni kungojana.

Lakini tuseme barafu imeondoka, rangi zimefika na hesabu zimekamilika. Bado kuna adui mmoja, naye ni mkaidi kuliko wote. Ni matumaini ya mpimaji mwenyewe.

Niliwahi kuhudhuria uonjaji wa kahawa huko Mbozi. Meza ndefu, vikombe vimepangwa kwa safu, kila safu na namba yake kwenye kipande cha karatasi. Mwonjaji anachota kwa kijiko, anavuta kwa nguvu hadi inasikika chumba kizima, anazungusha mdomoni, anatema, anaandika. Hakuna jina la mkulima popote, wala la AMCOS, chama chake cha ushirika. Nje, kwenye benchi, walikaa wazee watatu waliokuwa wameleta sampuli zao. Nilimuuliza mwonjaji mmoja kama hawezi kuijua kahawa ya jirani yake kwa ladha. Akaniambia kwa upole kwamba angeijua, basi ulimi wake ungeanza kumsaidia jirani kabla yeye mwenyewe hajaamua. Hakusema ni dhambi. Alisema ni ulimi. Baadaye namba zikafunguliwa, mzee mmoja akatabasamu, wawili wakakaa kimya, na hakuna aliyebisha.

Wanakosmolojia, yaani wanaochunguza ulimwengu kwa ujumla wake, wamefika mahali hapo hapo. Kila mmoja wao ameshasikia kwamba DESI inaona msukumo unalegea. Wapo wanaotamani iwe kweli, kwa kuwa fizikia mpya ingezaliwa. Wapo wanaotamani isiwe, kwa kuwa wamejenga maisha yao juu ya maelezo ya zamani. Mtu wa namna hiyo, akipata jibu asilolitaka, ataendelea kutafuta kosa hadi alipate. Akipata analolitaka, ataacha kutafuta. Hakudanganya hata mara moja, lakini jibu limeshapinda. Kwa hiyo katika fani hii wamezoea kuipofusha data: namba za kweli husogezwa kwa siri kwa kiasi ambacho wachambuzi hawakijui. Wao hufanya kazi yote, hupima makosa, huandika mbinu, huzibishania hadi wakubaliane kwamba hakuna kitakachobadilishwa tena, na hapo tu pazia hufunguliwa. DESI walifanya hivyo. Dark Energy Survey, mradi mwingine wa kupima nishati ya giza, walifanya hivyo kabla yao. Hakuna njia ya kuifupisha hatua hii bila kuiharibu, na mimi naiona ndiyo yenye uadilifu kuliko zote.

Na tunajua kinachotokea mtu akiwahi mno. Tarehe 17 Machi 2014 kikundi cha BICEP2, chenye darubini Ncha ya Kusini, kilitangaza kwamba kimeona alama za mawimbi ya mvutano kutoka sehemu ndogo kabisa ya sekunde ya kwanza ya ulimwengu. Habari ilizunguka dunia siku hiyo hiyo. Watu walianza kutaja Nobel. Wakati huo huo setilaiti ya Planck, iliyorushwa Mei 2009, ilikuwa na ramani za anga lote zinazoonyesha vumbi la galaksi yetu linavyoupa mwanga mwelekeo wa aina ile ile, lakini ramani hizo zilikuwa bado zinasafishwa. Watu walilalamika kwamba Planck inachelewa. Septemba 2014 Planck ikaonyesha kwamba vumbi katika kipande kile cha anga lingeweza kueleza ishara yote. Mwanzoni mwa 2015 vikundi vyote viwili vikaketi pamoja, vikaunganisha data, na tangazo lile likaanguka. Watu wa BICEP2 walikuwa hodari, vipimo vyao vilikuwa sahihi. Waliona kweli walichokiona. Kilikuwa vumbi tu. Jambo linalonigusa ni kwamba waliouokoa ukweli ni wale waliokuwa wanalaumiwa kwa kuchelewa.

Kuna lawama nyingine ambayo siipuuzi hata kidogo. Wengine husema fedha ni za walipakodi, kwa hiyo data itolewe kwa wote siku ile ile inapofika, hata ikiwa chafu. Naielewa hoja hiyo, na ingekuwa wachache wanajifungia nayo milele ningekuwa upande wake. Lakini mradi huu ulichaguliwa mwaka 2011. Kuna watu waliosomea shahada zao za uzamivu, wakaoa, wakazaa, wakazeeka ndani yake kabla chombo hakijaondoka ardhini. Kuwapa muda wa kuonja walichokipika naona ni haki, mradi tarehe ya kufungua mlango ijulikane mapema na iheshimiwe. Tarehe iliyopangwa kwa toleo la kwanza kubwa ni 21 Oktoba 2026, likiwa na eneo la digrii za mraba kama 1,900. Na siku mlango utakapofunguliwa, mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya, ataingia kwenye hifadhi ile ile, kwa wakati ule ule, na profesa wa Paris. Atakachohitaji ni kompyuta, umeme usiokatika na mtandao.

Tusidhani pia kwamba anga ni jambo la ng'ambo tu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupima mionzi ya X kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilionyesha kwamba katikati ya makundi ya galaksi kumejaa gesi ya moto mkali. Miongoni mwa makundi iliyoyapima ni Perseus, lile lile ambalo binti alitaka kulipangusa.

Kipande kidogo cha data ya Euclid kimeshatoka. Kilitolewa 19 Machi 2025, siku ile ile DESI walipotoa yao. Ni digrii za mraba 63, eneo lingemeza Mwezi mpevu zaidi ya mara 300, lakini halifiki hata nusu ya asilimia moja ya upimaji mzima. Ndani yake zimo galaksi milioni 26. Programu ya kompyuta, iliyofundishwa kwa majibu ya watu karibu 10,000 waliojitolea kutazama picha na kusema wanachokiona, imepanga maumbo ya galaksi 380,000, na zimepatikana galaksi 500 zinazodhaniwa kupinda mwanga vikali. Kuhusu nishati ya giza hakuna neno. Eneo ni dogo mno kwa swali hilo, na hawakujifanya kuwa lingetosha.

Juzi nilimweleza binti yule sehemu kubwa ya haya, tumesimama nje ya maabara. Alisikiliza hadi mwisho. Akapiga hesabu kwamba Oktoba 2026 atakuwa kidato cha nne, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Kisha akauliza kama ile galaksi yake ina jina. Nikamwambia nyingi hazina jina, huitwa kwa namba za mahali zilipo angani. Akaniomba nifungue tena picha ya Perseus. Tuliitafuta kwa dakika kumi na tano, tukipotea na kurudi, hadi tukaipata. Akatoa daftari la fizikia, akafungua ukurasa wa nyuma, akaandika: kona ya kulia, chini ya nyota yenye miale sita, mikono miwili.